Kidole Hakina Kosa

Mtu akibonyeza "Wasilisha" mara tatu bila jibu, hulaumu mtandao, kisha simu, kisha vidole vyake. Mara nyingi mwenye kosa ni aliyetengeneza kitufe.

Kioo cha simu hakijui kidole ni nini. Ndani yake umetandazwa wavu wa nyuzi zisizoonekana zenye chaji ndogo ya umeme. Kidole kikigusa, chaji hubadilika eneo zima lililoguswa, nayo simu hukokotoa kitovu cha eneo hilo. Nukta hiyo moja ndiyo inayohesabika. Vitufe vikibanana, nukta huangukia kwa jirani.

Mwaka 1954 mwanasaikolojia wa Marekani, Paul Fitts, aliwapa watu kalamu ya chuma wagonge vibao viwili kwa zamu, upesi wawezavyo. Kibao kikiwa mbali au chembamba, muda uliongezeka. Umbali ukiongezwa maradufu na upana vivyo hivyo, muda ulibaki karibu uleule. Google nayo hushauri kitufe kisipungue takriban milimita 9.

Lakini kuna jambo wengi hawalijui. iPhone ilipotoka mwaka 2007, tovuti karibu zote zilikuwa za kompyuta. Kivinjari chake kikaupanga ukurasa kana kwamba kioo kina upana wa pikseli 980, kisha kikausinyaza wote uenee kiganjani. Ili usomeke, uligonga mara mbili kuukuza. Kwa hiyo kila ulipogonga mara moja, kivinjari kilisubiri kama milisekunde 300 kuona kama mguso wa pili unakuja. Dawa ni mstari mmoja wa msimbo unaosema: upana wa ukurasa ni upana wa kifaa. Tangu 2014, Chrome ikiukuta mstari huo haisubiri tena.

Mstari mmoja! Na bado zipo kurasa za huduma za umma huku kwetu zisizo nao. Mama anayetaka fomu huvuta kioo kushoto na kulia, anagusa pasipokusudiwa, ukurasa unaanza upya na bando linakwisha. Mwishowe anakwenda steshenari kumlipa kijana amjazie fomu ya huduma iliyotangazwa kuwa ya bure. Huo ni uzembe, na unamwumiza asiye na uwezo.