Mkaguzi Asiyepiga Hodi

Sheria ya Marekani inayosimamia nyumba za kutunzia wazee ina kifungu kimoja ambacho ningependa kila mwenye mzazi mgonjwa akijue. Mtu yeyote anayewadokezea wenye nyumba siku au saa ambayo wakaguzi watafika anaweza kutozwa faini. Kifungu kilipopitishwa mwaka 1987 faini hiyo ilikuwa hadi dola 2,000. Ukaguzi ni wa kushtukiza. Kila nyumba ikaguliwe kabla ya miezi 15 kupita tangu ukaguzi uliotangulia, wastani wa jimbo zima usizidi miezi 12, na angalau ukaguzi mmoja kati ya kumi uanze jioni, alfajiri au mwisho wa wiki, wakati wakubwa wamekwenda makwao na zamu ina watu wachache.

Nyumba hizo ni karibu 15,000, na ndani yake wanaishi watu wapatao milioni 1.2. Wengi ni wazee wasioweza kuinuka kitandani bila msaada, na wengi wana ugonjwa wa kusahau, hata hawawezi kusimulia wametendewa nini jana. Gharama zao kwa sehemu kubwa hulipwa na serikali, na nyumba inayopokea fedha hizo haina budi kufungua mlango mkaguzi akifika. Wanaowaogesha, kuwalisha na kuwageuza wazee hao ni wasaidizi wa wauguzi, na miongoni mwao wamo Wakenya, Wakongomani, Warundi, Wanyarwanda na Watanzania. Kwa hiyo ukaguzi huu unawagusa ndugu zetu moja kwa moja. Nao unaweza kumfaa hata anayemuuguza bibi yake Mbeya au Kisumu, kwa sababu anachotafuta mkaguzi kwenye mwili wa mgonjwa hakibadiliki kwa kuvuka bahari.

Zamani mkaguzi alikagua nyumba zaidi kuliko watu. Alitazama vyeti, milango ya dharura, vifaa na majalada, akaridhika kwamba nyumba ina uwezo wa kutoa huduma nzuri. Mwaka 1986 Taasisi ya Tiba ya Marekani ilitoa ripoti iliyoonyesha kasoro ya mtindo huo, na mwaka uliofuata Bunge likapitisha sheria iliyogeuza swali. Sasa mkaguzi anatakiwa kujua kama mzee anaipata huduma, siyo kama nyumba ingeweza kuitoa. Matunda yake yalionekana. Wakati ule karibu wakazi wanne kati ya kumi walikuwa wakifungwa kwa mikanda kwenye vitanda na viti, eti wasianguke. Leo wanaofungwa hivyo ni chini ya mmoja kati ya mia.

Timu ya wakaguzi, ambayo lazima iwe na muuguzi aliyesajiliwa, ikishaingia haikawii ofisini. Mmoja huelekea jikoni papo hapo, wengine hutawanyika vyumbani. Huchagua takriban mkazi mmoja kati ya watano, wasizidi 35, wawafuatilie kwa undani. Wanawatazama, wanazungumza nao na jamaa zao, wanasikiliza kengele ya chumba cha jirani inalia kwa muda gani kabla ya mtu kuitika. Jalada hupekuliwa kwa kina baada ya hapo. Mpangilio huu ndio ninaouona kuwa moyo wa kazi yenyewe. Aliyeanza na karatasi ataona kile karatasi inachomwonyesha.

Hakuna kinachosema ukweli wa nyumba kuliko ngozi. Vidonda vya kulalia hutokea pale ambapo mfupa uko karibu na ngozi: mwishoni mwa uti wa mgongo, kwenye nyonga, visigino, viwiko, hata kisogoni. Uzito wa mwili unaigandamiza nyama kati ya mfupa na godoro, vishipa vidogo vya damu vinabanwa, na nyama inakosa oksijeni. Mtu mwenye afya hujigeuza hata usingizini bila kujua. Aliyepooza, au aliyelewa dawa, hajigeuzi. Nyama iliyo karibu na mfupa huweza kuanza kufa kabla ya chochote kuonekana juu, ndiyo maana kidonda kikipasuka familia hushangaa kuona shimo. Mkojo na kinyesi vikichelewa kusafishwa, ngozi hulainika na kuchubuka upesi zaidi.

Madaktari hukigawa kidonda hicho katika hatua nne. Ya kwanza ngozi bado ni nzima, ila pana wekundu usiotoweka ukipabonyeza kwa kidole. Ya nne kidonda kimefika kwenye msuli au mfupa, na vijidudu vikipata njia hiyo vinaweza kuozesha mfupa au kuingia kwenye damu na kuua. Sasa angalia tatizo: wekundu huo unaelezwa kwa kutazama ngozi nyeupe. Kwenye ngozi nyeusi hauonekani, au unaonekana kama kivuli cha zambarau ambacho mwenye haraka hakitambui. Tafiti za Marekani zimeonyesha kuwa wakazi weusi wa nyumba hizi hupata vidonda zaidi ya wazungu, na mara nyingi kidonda hugunduliwa kikiwa kimeshakomaa. Kwa ngozi yetu inabidi mkono ufanye kazi ya jicho. Gusa kwa nyuma ya vidole: je, pana joto au ubaridi kuliko pembeni? Pamekuwa pagumu, au pamelegea kama pana maji ndani? Mgonjwa anashtuka ukigusa? Tazama kwa mwanga wa dirishani, linganisha kisigino hiki na kile. Ningetamani somo hili lifundishwe katika kila chuo cha uuguzi, na lifike kwa kila binti na kijana anayemuuguza mzazi nyumbani.

Kidonda chenyewe hakitoshi kuitia nyumba hatiani. Wapo wagonjwa walio karibu na kufa ambao ngozi yao hupasuka hata wakitunzwa vizuri mno. Mkaguzi anauliza: hatari ilipimwa alipoingia? Uliwekwa mpango wa kumgeuza, na chakula chenye protini ya kutosha? Mpango ulitekelezwa? Kidonda kilipoanza, kuna aliyebadilisha chochote? Halafu anakaa koridoni. Jalada likisema mzee wa chumba fulani hugeuzwa kila baada ya saa mbili, naye mkaguzi amemwona kalalia ubavu uleule asubuhi nzima, jalada limeshajijibu.

Dawa nazo zina kipimo chake. Mkaguzi humfuata muuguzi anayegawa dawa na kushuhudia angalau dozi 25, kisha analinganisha na maagizo ya daktari. Makosa yakifika asilimia 5 nyumba ina kosa, maana yake makosa mawili tu katika dozi 25 tayari ni asilimia 8. Pia kosa moja kubwa linatosha peke yake, kwa mfano insulini iliyotolewa kwa kiwango kisicho chake. Uzito unaangaliwa kwa rekodi za miezi: kupoteza asilimia 5 kwa mwezi mmoja ni ishara ya hatari, yaani mzee wa kilo 60 kupungua kilo 3. Na kipimajoto hutumbukizwa hata kwenye maji ya bafuni, kwa kuwa maji ya nyuzi 60 za Selsiasi yanaweza kuunguza ngozi hadi ndani kwa sekunde 5, na mzee asiyeweza kuondoa mguu wake hana namna.

Kila kosa lililopatikana huwekewa herufi, kuanzia A hadi L, kwa kupima mambo mawili: madhara yake ni makubwa kiasi gani, na limeenea kwa watu wangapi. Tatu za mwisho, J, K na L, ni za hatari ya papo hapo. Nyumba isipoiondoa hatari hiyo inaweza kukatiwa malipo ya serikali ndani ya siku 23. Ripoti nzima inapaswa kuwekwa mahali ambapo mkazi na mgeni wanaweza kuisoma bila kumwomba mtu ruhusa.

Hapa kwenye herufi ndipo mfumo ulipojikwaa, na kujikwaa kwenyewe kuligharimu watu. Mei 2020 Ofisi ya Uwajibikaji ya Serikali ya Marekani ilipitia kumbukumbu za ukaguzi za mwaka 2013 hadi 2017. Iligundua kuwa nyumba 82 kati ya kila 100 zilikuwa zimekutwa angalau mara moja na kosa la kuzuia maambukizi, mengi yakiwa mambo ya kawaida: wafanyakazi wasionawa mikono, wagonjwa wasiotengwa. Lakini kila mwaka takriban asilimia 99 ya makosa hayo yalipewa herufi za chini, kwamba hakuna aliyedhurika. Msaidizi ametoka kumsafisha mzee mmoja akaenda kumlisha mwingine bila kunawa. Mkaguzi amemwona, ameandika, lakini mzee wa pili bado anatabasamu, basi kosa ni dogo. Kijidudu hakionekani siku ya ukaguzi. Mwishoni mwa Februari 2020 zikatoka habari za nyumba moja mjini Kirkland, jimbo la Washington, ambako wakazi walikuwa wakiugua na kufa kwa UVIKO-19. Kufikia mwanzoni mwa 2022, wakazi na wafanyakazi zaidi ya 200,000 wa nyumba za namna hii walikuwa wamefariki nchini humo. Sisemi kwamba kunawa mikono kungewaokoa wote. Nasema onyo lilikuwa limeandikwa miaka mingi kabla, kwa mwandiko wa serikali yenyewe, likahesabiwa kuwa dogo.

Ukizifuatilia kasoro hizi, kidonda, kengele isiyoitikiwa, mikono isiyonawiwa, nyingi zinarudi kwenye idadi ya watu kazini. Tuseme msaidizi mmoja ana wazee 15 wanaohitaji kugeuzwa kila baada ya saa mbili, na kumgeuza mmoja na kumweka sawa ni dakika 10. Hizo ni dakika 150, ilhali saa mbili zina dakika 120. Bado hajamlisha mtu, hajambadilisha mtu nepi, hajanawa. Utafiti uliofanywa kwa ajili ya serikali hiyo mwaka 2001 ulikadiria kuwa kila mkazi anahitaji saa 4.1 za huduma kwa siku ili asidhurike kwa kukosa wahudumu. Mwaka 2024 ikatolewa kanuni ya kuweka kiwango cha chini cha saa 3.48. Aprili 2025 mahakama ya shirikisho huko Texas iliibatilisha, baada ya wenye nyumba kulalamika kuwa wafanyakazi hawapatikani na gharama ni kubwa. Sharti la mwaka 1987 bado linataka muuguzi aliyesajiliwa awepo saa 8 kwa siku, na kwa sehemu kubwa mengine ni neno “wa kutosha”, ambalo kila mwenye nyumba hulisoma kwa faida yake. Naliona hilo kuwa kosa kubwa. Mkaguzi anaweza kuandika herufi hadi wino ukauke. Mkono usiokuwepo haumgeuzi mtu.

Hata takwimu za wafanyakazi zilihitaji kukaguliwa. Kwa miaka mingi nyumba zilijaza zenyewe idadi ya watu wao karibu na wakati wa ukaguzi. Tangu 2018 nyota ambazo serikali huzipa nyumba kwa upande wa wafanyakazi zinatokana na kumbukumbu za mishahara, na ikadhihirika kuwa siku za Jumamosi na Jumapili watu hupungua sana. Anayemchagulia mzazi wake nyumba huko asiende Jumanne saa nne asubuhi. Aende Jumapili jioni, wakati wa chakula.

Kuna udanganyifu mwingine unaoumiza zaidi. Wazee wenye ugonjwa wa kusahau wakipiga kelele au kutangatanga, baadhi ya nyumba huwapa dawa kali zilizokusudiwa wagonjwa wa akili, dawa ambazo kwa wazee hao huongeza hatari ya kufa. Serikali ilipoanza kutangaza kiwango cha matumizi yake, wagonjwa wa skizofrenia hawakuhesabiwa, kwa kuwa wao wanazihitaji. Ghafla zikaonekana nyumba zenye wazee wengi mno waliogunduliwa kuwa na skizofrenia uzeeni, ugonjwa ambao kwa kawaida hujitokeza ujanani. Januari 2023 serikali ikatangaza kwamba itakagua majalada ya utambuzi huo na kuzishusha nyota nyumba zilizodanganya.

Nije kwa ndugu zetu walio kazini huko. Wakaguzi huzungumza na wasaidizi wa wauguzi kwa sababu wao ndio wanaojua nani hakula na nani alianguka usiku. Wengi hunyamaza wakihofia kibali chao cha kuishi nchini au kuondolewa kwenye zamu, na hofu hiyo si ya kubezwa. Hata hivyo sheria ya mwaka 2010 ya kuwalinda wazee inamtaka kila mfanyakazi mwenye sababu ya kushuku kwamba mkazi ametendewa uhalifu atoe taarifa polisi na kwa mamlaka ya jimbo: ndani ya saa 2 ikiwa kuna jeraha kubwa, ndani ya saa 24 ikiwa hakuna. Wajibu huo ni wa kila mmoja, kumwambia msimamizi pekee hakuumalizi, na mwajiri amekatazwa kumfukuza au kumwadhibu mtu kwa kutoa taarifa. Kwa yale yasiyofikia uhalifu, kila jimbo lina mtetezi wa wakazi anayetakiwa kutunza siri ya aliyemfuata, na lina idara ya kupokea malalamiko hata ya asiyetaja jina. Andika tarehe, saa, chumba na ulichokiona kwa macho yako, bila kuongeza neno. Lalamiko la hatari kwa maisha ya mkazi halisubiri zamu ya ukaguzi wa mwaka. Linafunguliwa uchunguzi wake, nao pia wakaguzi huja bila kutoa taarifa.