Neva Isiyofika Jichoni

Sogeeni karibu, wanangu. Kila jicho huendeshwa na misuli sita, na misuli hiyo hupokea amri za ubongo kupitia neva tatu. Mojawapo, neva ya sita ya kichwa, ina kazi moja tu: kuuamuru msuli wa nje uvute jicho kuelekea sikioni.

Sasa yupo mtoto aliyezaliwa bila neva hiyo upande wa kushoto. Mwambie atazame kushoto: jicho la kulia linakwenda, la kushoto linakwama katikati. Mwambie atazame kulia: lile la kushoto linazama ndani ya tundu lake na kope zinakaribiana. Daktari Alexander Duane wa New York alieleza habari za wagonjwa 54 wa namna hii mwaka 1905, na hali hiyo ikapewa jina lake.

Lakini kwa nini jicho lizame? Kwa miaka mingi wengi waliulaumu msuli wenyewe, wakidhani umekakamaa. Mwaka 1998 madaktari waliitafuta neva ya sita kwa MRI, mashine inayotumia sumaku kupiga picha ndani ya mwili bila kupasua. Upande mzima, neva ilionekana kama uzi mwembamba ukitoka kwenye shina la ubongo. Upande wa pili, hapakuwa na kitu! Msuli uliokosa neva yake hupata tawi la neva ya tatu, ambayo mojawapo ya kazi zake ni kuvuta jicho kuelekea puani. Basi misuli miwili inavuta kwa pamoja, na jicho linarudi nyuma.

Haya hutokea tumboni, kabla ujauzito haujafika miezi miwili. Mama hana kosa, wala hakuna aliyemroga mtoto. Na ukimwona darasani amegeuza uso akisoma ubao, mwache: huo ndio mkao unaomwezesha kutumia macho yote mawili pamoja. Ukimnyoosha kichwa kwa nguvu, huenda akaona herufi mbilimbili.

Iko hali nyingine, adimu zaidi, ambapo macho yote mawili hayaendi kushoto wala kulia, na uti wa mgongo hupinda mtoto akikua. MRI huonyesha ufa katikati ya shina la ubongo. Mwaka 2004 ilijulikana kwamba chanzo ni hitilafu ya jeni ROBO3, inayoongoza nyuzi za neva kuvuka upande wa pili. Kwetu sisi, ubongo wa kushoto huamuru mkono wa kulia. Kwa wenye hali hii nyuzi hazikuvuka: ubongo wa kulia huamuru mkono wa kulia, na mkono unatii.