Vuli: Mvua inayoamua mwaka wa mkulima wa Ukambani

KATIKA vitabu vingi vya shule, neno vuli hutumiwa kutafsiri yale majira ya Ulaya ya kuanzia Septemba hadi Novemba, wakati ambapo majani hupukutika na mkulima hukamilisha mavuno yake kabla ya baridi kali kuingia. Hapa kwetu mambo ni kinyume. Vuli ni mvua ya Oktoba hadi Desemba, na inapowadia ndipo miti huchipuza na kazi ya shamba hupamba moto.

Ni nadra kupata mahali ambapo mvua hiyo husubiriwa kwa hamu kuliko Ukambani, yaani kaunti za Machakos, Makueni na Kitui. Sehemu nyingi za nchi huitegemea masika ya Machi hadi Mei. Katika nyanda kame za Ukambani, vuli ndiyo yenye kutegemewa zaidi. Familia inayokosa mavuno yake, ambayo huingia ghalani Januari na Februari, hulazimika kununua chakula kwa miezi mingi.

Vuli hutegemea sana joto la maji ya Bahari ya Hindi. Maji ya karibu na Afrika Mashariki yanapokuwa na joto jingi kuliko kawaida, na yale ya upande wa Indonesia yakapoa, mvua huzidi. Hali hiyo inapogeuka, mvua hupungua. El Nino na La Nina katika Bahari ya Pasifiki pia huchangia. Kwa kuwa joto la bahari hubadilika polepole, wataalamu huweza kuitabiri vuli kwa uhakika zaidi kuliko masika.

Hata hivyo, utabiri hauondoi wasiwasi. Mnamo 2019 vuli ilileta mafuriko na maporomoko ya ardhi. Vuli za 2020, 2021 na 2022 zikawa haba, na masika zilizokuwa kati yake pia zikashindwa, ikawa ni misimu 5 mfululizo ya ukame. Kisha mwishoni mwa 2023 El Nino ikarejesha mafuriko.

Kazi za vuli huanza kungali kukavu. Mwezi wa Septemba, punda hupelekwa mtoni alfajiri, ambako maji huchotwa katika visima vilivyochimbwa mchangani. Mbuzi na ng'ombe hula mabua ya msimu uliopita. Mbaazi za mwisho huchumwa. Hizo zilipandwa wakati wa vuli ya mwaka uliotangulia na zikastahimili misimu yote miwili.

Aidha, huu ndio wakati wa kukarabati matuta. Mtaro huchimbwa kukingama mteremko na udongo wake kurushwa upande wa juu, ili maji ya mvua yatulie badala ya kukimbia na rutuba. Mbinu hiyo huitwa fanya juu, na jina hilo la Kiswahili limeingia hata katika vitabu vya kilimo vya Kiingereza. Kazi ni nzito, na ndiyo maana wengi huifanya kwa mwethya, yaani kikundi cha majirani wanaosaidiana kwa zamu.

Ndani ya nyumba, mbegu hukaguliwa. Mahindi, kunde na pojo zilizohifadhiwa kwa majivu hupepetwa na zilizotobolewa na wadudu huondolewa. Hapo ndipo mkulima hukabiliwa na uamuzi mgumu kuliko yote: apande kabla ya mvua, au aisubiri?

Anayepanda katika udongo mkavu ana sababu nzuri. Mahindi ya Katumani, yaliyozalishwa katika kituo cha utafiti karibu na Machakos, huhitaji takriban miezi 3 ili yakomae. Mvua kwa kawaida hushika Novemba na huweza kukatika katikati ya Desemba. Mahindi yaliyocheleweshwa kwa majuma 2 huchanua udongo ukiwa tayari unakauka.

Isitoshe, mvua ya kwanza ina mbolea yake. Mnamo 1958, mtafiti H. F. Birch wa kituo cha Muguga, karibu na Nairobi, alichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba udongo uliokauka ukiloweshwa, viumbe vidogo vilivyomo huamka na kuachilia naitrojeni kwa wingi kwa muda mfupi. Mbegu iliyokwisha kuwa ardhini hufaidi. Ile inayopandwa baadaye hukuta sehemu ya naitrojeni hiyo imekwisha kuchukuliwa na magugu au kusombwa na maji.

Lakini kupanda mapema ni kucheza na bahati. Panya na ndege hufukua mbegu. Baya zaidi ni mvua ya kuhadaa, ambayo hunyesha siku 2 au 3, mbegu ikaota, kisha jua likawaka hadi miche ikanyauka. Aliyemaliza mbegu zake zote hurudi sokoni kununua nyingine, na bei huwa imekwisha kupanda.

Kuna pia wasio na hiari. Asiyekuwa na ng'ombe wa kulima hungoja jirani amalize shamba lake ndipo aazimwe au akodishiwe jembe la kukokotwa. Kwake kuchelewa ni umaskini, wala si uzembe.

Wakulima wengi wazoefu hawaweki tumaini lao lote katika siku moja. Hupanda sehemu ya shamba kabla ya mvua na nyingine baada yake. Huchanganya mahindi na pojo, ambazo hukomaa kwa miezi 2 na ushei, pamoja na mtama unaovumilia kiu. Huweka akiba ya mbegu kwa ajili ya kupanda tena. Mahindi yasipofaulu, pojo huenda zikauzwa na karo ikapatikana.

Mvua ikishika, kumbikumbi huruka jioni na watoto huwakimbilia. Baada ya majuma 2 au 3 palizi huanza, na shule zinapofungwa kwa likizo ndefu, mikono huongezeka shambani. Lakini kufikia hapo, sehemu kubwa ya mavuno ya Februari huwa imekwisha kuamuliwa na yaliyofanywa Septemba, mbingu zikiwa bado nyeupe.