Mfumo wa kompyuta upimwe Puge kwanza

Mkulima wa Puge, wilayani Nzega, aliyeishia darasa la saba hupiga *150*00# na kumtumia mwanawe aliyeko Tabora mjini hela ya matumizi bila kuomba msaada wa mtu. Mkulima huyohuyo akiketishwa mbele ya kompyuta, hata mkono anaogopa kuunyoosha. Tumezoea kusema kwamba tatizo ni elimu. Sikubaliani na hilo. Kama elimu ndiyo ingekuwa kikwazo, M-Pesa, huduma hiyo ya kutuma fedha kwa simu iliyoingia Tanzania mwaka 2008, mwaka mmoja baada ya kuanza Kenya, isingevuka Morogoro. Kinachomshinda mkulima huyu ni namna kompyuta ilivyotengenezwa izungumze naye.

Menyu ya simu huuliza jambo mojamoja, kwa Kiswahili: namba ya mpokeaji, kiasi, kisha humtaja anayepelekewa kwa jina kabla fedha haijaondoka. Aliyekosea namba hugundua fedha ikiwa bado yake. Sasa tazama kompyuta ya steshenari yoyote. Diski ikijaa wakati Windows inajisasisha, kinachoweza kutokea kwenye skrini ni 0x80070070. Mashine inajua fika kwamba nafasi imekwisha, lakini badala ya kusema hivyo inatoa namba. Flashi isiposomeka, inamwambia mwenye nayo kwamba lazima aifomati ndipo aitumie; onyo kwamba kila kilichomo kitafutika linakuja baadaye, kwenye kidirisha kingine, wakati mtu amekwisha kuzoea kubonyeza OK kwa kila kinachojitokeza. Hapo ndipo barua na picha za watu hupotelea, na lawama humwangukia aliyebonyeza.

Juhudi zimekuwapo. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, na Microsoft nayo baadaye ikaleta Kiswahili kwenye Windows. Naiheshimu sana kazi ile, maana iliwanyamazisha waliodai kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba kompyuta. Hata hivyo, kutafsiri maandishi ya vitufe ni nusu ya safari. Amri ya kufomati flashi ikiandikwa kwa Kiswahili fasaha, na onyo likabaki nyuma yake, itafuta barua zilezile.

Wapo mafundi wanaohofia kwamba mfumo ukirahisishwa utapoteza nguvu. Hofu hiyo ilijibiwa mwaka huohuo wa 2004, pale Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alipoanzisha Ubuntu juu ya Debian, mfumo wa Linux uliosifika kwa uimara lakini uliowatesa wageni. Ubuntu ilimpunguzia mgeni maswali ya kiufundi wakati wa kuisimika, na fundi akabaki na uwanja wake wa kuandika amri, haukuguswa. Wengine watasema vijana wajifunze Kiingereza tu, ndiyo lugha ya teknolojia. Wajifunze, ni haki yao. Lakini profesa wa Kiingereza naye hawezi kusoma 0x80070070, na mama anayefuatilia cheti cha kuzaliwa cha mtoto wake leo hawezi kungoja amalize kozi.

Serikali ndiyo mnunuzi mkubwa wa mifumo nchini, na tangu 2019 tunayo Sheria ya Serikali Mtandao na Mamlaka ya kuisimamia. Naiomba Mamlaka hiyo iweke sharti moja katika mikataba: kabla mfumo wa huduma kwa wananchi haujapokewa, upelekwe kwenye kata kama Puge, wakazi wa kawaida wapewe kazi ya kufanya humo, na mtengenezaji akae kando akitazama bila kuwaelekeza. Wakikwama, arudi akarekebishe. Malipo ya mwisho yatoke watakapoimaliza kazi hiyo wenyewe.