Batwa na Leta: Msitu ni wa Nani?

Leo tuzungumze juu ya Batwa wa Kahuzi-Biega, huku kwetu Kivu ya Kusini. Wengi husema: «Batwa hawapendi sheria, wanakata miti ya parke na kuchoma makala.» Kabla ya kuwahukumu, tuulize kwanza: sheria yenyewe iliwatendea nini?

Tarehe 1 Julai 1885, Leta ya Mfalme Léopold II ilitoa amri kwamba ardhi isiyo na wenyewe ni mali ya Leta. Wazungu walipotazama msitu hawakuona shamba wala kijiji kikubwa, wakasema ni ardhi ya bure. Kumbe Mutwa aliishi humo kwa kuwinda, kurina asali na kuchuma dawa, na humo alizika wazee wake. Mwaka 1937 wakoloni wakaufanya msitu huo hifadhi.

Uhuru ulikuja mwaka 1960, lakini fikra ile ilibaki. Mwaka 1970 Leta ilianzisha parke, na mwaka 1975 ikaipanua toka hektari 60.000 hadi karibu 600.000. Batwa wakafukuzwa bila kuombwa ruhusa, bila kupewa ardhi nyingine. Sheria ya mwaka 1973 nayo ikasema kwamba udongo wote ni mali ya Leta. Huko nje, kwa desturi ya Bashi, mtu hupata shamba kwa kumtolea mwami kalinzi, mara nyingi ng'ombe. Mutwa aliyetoka msituni mikono mitupu angetoa ng'ombe gani? Sheria ya Leta ilimtoa, desturi ya jirani haikumpokea.

Mwaka 2018 jamaa kadhaa zilirudi ndani ya parke. Toka hapo damu imemwagika: Batwa wameuawa, walinzi wa parke pia wameuawa.

Sasa sheria inasema nini? Katiba ya 2006, kifungu cha 34, inalinda mali iliyopatikana kwa sheria au kwa desturi. Kifungu cha 51 kinaiagiza Leta kuwalinda watu wachache na wanyonge. Sheria ya tarehe 15 Julai 2022 inatambua haki ya Batwa na ndugu zao juu ya ardhi wanayoitumia toka zamani, na inakataa wahamishwe bila ridhaa yao. Mwaka 2024 ulitangazwa uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu: Leta iwarudishie Batwa ardhi yao, iwalipe, na iwaombe radhi hadharani.

Kujua haya si kusamehe kila kosa. Anayemuua mlinzi ameua mtoto wa mtu, sawasawa na anayemuua Mutwa.

Basi wewe chefu, usigawe ardhi kabla Batwa, wanaume kwa wanawake, hawajaketi kikaoni na kusikilizwa. Wewe jirani, acha majina ya dharau, na umlipe Mutwa kazi ya shamba kama unavyomlipa mwingine. Wewe Mutwa, usikubali mfanyabiashara wa makala atumie jina lako. Waulize wazee wako makaburi na makambi ya zamani yalikuwa wapi, uyaandikishe. Huo ndio ushahidi mbele ya hakimu, na hauhitaji bunduki.