Mtoto Atalala Wapi? Somo la Usiku Mmoja wa Baridi Lushoto

Safari ina taabu zake, na kukosa usingizi ni miongoni mwa taabu kubwa. Mtume wetu Muhammad (S.A.W.) ametufahamisha, katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kwamba safari humzuilia mtu chakula chake, kinywaji chake na usingizi wake, na akatuhimiza turejee upesi kwa ahali zetu tumalizapo haja iliyotutoa. Mtu mzima huweza kulivumilia hilo. Ama mtoto wa mwaka mmoja na nusu hana uvumilivu huo, wala hawezi kujieleza. Yeye hulia tu, na asipopata pahala pa salama pa kulala, wazazi nao hukesha.

Katika likizo ya Juni iliyopita tulipokea wageni kutoka Maskati: mpwa wetu, mumewe na mtoto wao wa miezi 18. Mume asili yake ni Usambara, na bibi yake mzaa baba angali hai katika kijiji kimoja juu ya mji wa Lushoto. Siku zile nyumbani kwa bibi kulikuwa na harusi na kila chumba kilijaa. Ikaamuliwa kwamba wageni walale katika nyumba ya wageni mjini, nasi tufuatane nao. Bibi hakuridhika. "Damu yangu ilale kwa kulipia, na mimi ni mzima?" alituuliza kwa simu. Tukamtuliza kwa kumwahidi kwamba mchana kutwa tutakuwa kwake, na kwamba usiku tunamtafutia mtoto utulivu tu.

Tulikuwa tumepiga simu mapema kuuliza kama kuna kitanda cha mtoto. Tukajibiwa kwamba kipo. Hatukuuliza zaidi, na hapo ndipo tulipokosea.

Kutoka Mombo, kando ya barabara kuu iendayo Moshi na Arusha, gari hupanda kona baada ya kona kwa takriban kilomita 33, likipita Soni na maporomoko yake, hadi kufika Lushoto. Mji huo, ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal, uko kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Chini Mombo tulikuwa tukijipepea. Tulipofika juu wakati wa Magharibi, kila mmoja alikuwa akitafuta sweta. Kati ya Juni na Agosti baridi ya usiku huko hushuka chini ya nyuzi 15, na mtoto yule alitoka katika mji ambao mwezi huo joto mara nyingi hupita nyuzi 40. Nguo zake zote zilikuwa nyepesi.

Kitanda tulichoahidiwa kilikuwapo kweli. Lakini ufito mmoja ulikuwa umeng'oka, na godoro lake lilikuwa fupi, likiacha mwanya upande wa kichwani. Mpwa wetu akatutazama. "Mjomba, akiingiza kichwa hapa?" Hatukuwa na jibu. Kipimo chepesi cha kitanda cha fito ni kopo la soda: likipenya kati ya fito mbili, mwili wa mtoto nao waweza kupenya na kichwa chake kikanasa. Hapa kopo lingepita bila kugusa.

Kitanda kikubwa nacho kilikuwa cha juu, na sakafu ilikuwa ya saruji tupu. Baba wa mtoto akapendekeza wamlaze kati yao, au kitanda kisukumwe hadi ukutani. Yote mawili yana hatari. Wazazi waliochoka kwa safari hulala usingizi mzito, na blanketi nzito huweza kumfunika mtoto uso bila wao kuhisi. Kitanda kikisogezwa ukutani, hubaki ufa kati ya godoro na ukuta, na mtoto huweza kuteleza humo akabanwa. Waswahili husema aliye juu mngoje chini, lakini ikiwa aliye juu ni mtoto mchanga wa akili, hakuna mzazi awezaye kungoja.

Tukiwa katika mashauriano hayo, kijana wa zamu alibisha hodi, amebeba jiko la mkaa lililokolea. "Shikamoo mzee," alisema. "Nimemwonea huruma mtoto, baridi ya leo ni kali. Liwekeni humu, mfunge dirisha, mtalala vizuri." Nia yake ilikuwa njema kabisa, na mpwa wetu, ambaye mwanawe alikuwa akitetemeka, alikwisha kunyoosha mikono kulipokea. Tukamzuia.

Ndugu msomaji, hili ndilo jambo lililotufanya tuandike makala hii. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Hewa hiyo huingia katika damu na kushika nafasi ya oksijeni. Aliye macho huumwa kichwa, akashikwa na kizunguzungu na kichefuchefu. Aliyelala hapati onyo lolote, bali huzidi kuzama usingizini hadi roho ikatoka. Mtoto mdogo hupumua kwa kasi kuliko mtu mzima, hivyo sumu humuwahi yeye kwanza. Kuacha dirisha wazi kidogo si kinga ya kutegemea, na makaa yanayoonekana kufifia bado huendelea kuitoa.

Dini yetu ilitutangulia katika hili. Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba nyumba moja iliungua usiku mjini Madina pamoja na watu wake. Mtume (S.A.W.) alipopewa habari zao, aliueleza moto kuwa ni adui yetu na akaamrisha uzimwe tunapokwenda kulala. Amri hiyo inalihusu jiko la mkaa lililomo chumbani sawasawa.

Kijana yule alinyamaza kidogo. "Mzee, nyumbani kwetu hulala nalo kila mwaka." Tukamsihi ampigie mama yake simu usiku uleule. Akalitoa jiko nje, akapiga simu, kisha akarudi na godoro la ziada alilolitoa katika chumba kisicho na mgeni. Allah amlipe kheri.

Ushauri wa kulilaza godoro hilo sakafuni ulitoka kwa bibi, tulipompigia kumjulisha yaliyotokea. "Sisi tulilelewa chini," alisema, "na aliye chini haanguki." Tukatandika mkeka kwanza ili kuzuia ubaridi wa saruji, kisha godoro juu yake, mbali na ukuta, dirisha, waya za umeme na birika la chai. Shuka tukaichomeka kwa kuikaza, na mto tukauondoa. Mtoto akavishwa nguo tatu nyepesi moja juu ya nyingine pamoja na soksi, jambo lililo bora kuliko kumfunika blanketi moja nzito. Chini ya shavu lake mama akaweka kipande cha kanga anayoizoea. Naye akashusha godoro lake karibu, bila kuligusa la mtoto. Chandarua hatukukiacha, kwani ingawa mbu hupungua kadiri mtu apandavyo milimani, malaria haijatoweka.

Mtoto alilala hadi adhana ya Alfajiri. Asubuhi tulipofika harusini, bibi alimpokea mgongoni kabla hata ya kuitikia salamu zetu.

Kwa wazazi wanaojiandaa kusafiri, iwe ni kwenda milimani, ng'ambo au Umra, tunashauri mambo yafuatayo. Kwanza, msiishie kuuliza kama kitanda cha mtoto kipo. Ulizeni ni cha aina gani, godoro lake linajaa pande zote, fito zake ni kamili, na kama kuna malipo ya ziada. Ombeni picha yake kwa simu. Pili, katika hoteli nyingi vitanda hivyo ni vichache, basi muombe mapema na mkumbushie siku moja kabla. Tatu, ulizeni baridi au joto la usiku, na chumba hupashwa moto kwa njia gani. Nne, mkifika, kikagueni chumba kabla ya kufungua mizigo: roshani, madirisha, kamba za mapazia na soketi. Tano, chukueni shuka ya mtoto na kitu kimoja anachokizoea, na mumlaze kwa saa yake ya kawaida kadiri iwezekanavyo. Na kitanda kikikosekana, godoro la chini lililo imara si aibu.

Watoto ni amana, na mwenye amana ataulizwa jinsi alivyoitunza, nyumbani na safarini. Tunamuomba Allah (S.W.) awahifadhi watoto wetu na awarejeshe wasafiri wetu kwa salama. Amin.