MSIMU WA KUSI: Jinsi karakana ndogo ya vinyago inavyoweza kupangia miezi ya biashara kudorora

MVUA za masika zinapoanza kunyesha Pwani, na upepo wa kaskazi kuupisha ule wa kusi, bahari huchafuka, fuo zikabaki tupu na baadhi ya hoteli zikafunga milango ili kufanyiwa ukarabati.

Kwa mwenye hoteli kubwa, hiyo ni nafasi ya kupaka kuta rangi na kuwapa wafanyakazi likizo. Kwa mchongaji wa vinyago, msusi wa vyondo au fundi wa shanga anayewategemea wageni wa hoteli hizo, ni mwanzo wa miezi mitatu ya kuhesabu sarafu.

Ubaya ni kwamba kipindi hicho huambatana na kufunguliwa kwa muhula wa pili wa shule. Karo hudaiwa wakati ambapo meza ya kuuzia imefunikwa kwa turubai. Ndiyo maana mafundi wengi hujikuta wakiuza kwa bei ya kutupa kazi waliyoitolea jasho, au hata kuuza misumeno na patasi zinazowapa riziki.

Hata hivyo, kusi si ajali. Huja kila mwaka, na jambo linalojulikana kwamba litakuja laweza kupangiwa mapema.

Zipo dhiki ambazo hazikuweza kutabiriwa. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliwafukuza watalii katikati ya msimu wao bora. Nazo safari za ndege za kimataifa zilisitishwa Machi 25, 2020 kwa sababu ya Covid-19, zikarejelewa Agosti 1 mwaka huo. Aliyekuwa amezoea kuweka akiba ya kusi alikuwa na cha kushika misukosuko hiyo ilipozuka. Asiyekuwa nayo alianza kukopa siku ya kwanza.

Kalenda mbili

Uchongaji kama biashara ulienea Ukambani baada ya Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, na anayetajwa sana kuwa mwanzilishi wake ni Mutisya Munge wa Wamunyu. Kutoka huko mafundi walifuata wanunuzi hadi Nairobi na Mombasa, ambako chama cha ushirika cha Akamba Handicraft kina makao yake Changamwe.

Tangu hapo, biashara hii imekuwa ikifuata nyendo za wageni. Miezi ya Julai hadi Septemba huwaleta wanaokuja kutazama nyumbu wa Maasai Mara pamoja na familia za Ulaya zilizo likizoni. Desemba hadi Machi huwaleta wanaokimbia baridi kwao. Oktoba na Novemba, wakati wa vuli, soko huwa la wastani. Aprili, Mei na Juni ndiyo miezi ya ukame wa fedha, ijapokuwa ni ya mvua.

Lakini ipo kalenda ya pili ambayo mafundi wengi huisahau, nayo ni ya wanunuzi wa ng'ambo. Maduka ya Ulaya na Marekani yanayouza bidhaa za mikono hutaka mizigo ya Krismasi iwe imewasili kabla ya Novemba. Ili hilo litimie, kazi yenyewe sharti iwe imechongwa, ikakauka na kupakiwa miezi kadhaa kabla.

Kwa maneno mengine, wakati ambapo ufuo hauna mnunuzi ndio wakati hasa wa kumtengenezea mnunuzi aliye mbali. Karakana inayozifuata kalenda zote mbili haina msimu mfu. Ina msimu wa kuuza na msimu wa kutayarisha.

Hesabu kwanza

Hatua ya kwanza ni kujua pengo lina ukubwa gani. Kazi hii haihitaji mhasibu. Inahitaji daftari na rekodi za malipo ya simu za mwaka uliopita.

Tuchukue mfano wa karakana ambayo, hata isipouza kitu, hulipa kila mwezi Sh8,000 za kodi, Sh2,000 za stima na maji, na Sh3,000 za mlinzi. Mwenyewe naye huhitaji Sh20,000 za matumizi ya nyumbani. Jumla ni Sh33,000 kwa mwezi, au Sh99,000 kwa miezi mitatu. Ukiongeza karo ya Sh21,000, mahitaji ya msimu wa kusi yanafika Sh120,000.

Ikiwa daftari linaonyesha kwamba katika miezi hiyo karakana hubakiwa na wastani wa Sh15,000 kwa mwezi baada ya kulipia mbao na vibarua, basi kitakachoingia ni Sh45,000. Pengo ni Sh75,000.

Kiasi hicho hutisha kikitazamwa mwezi wa Aprili. Kikitazamwa Julai, hakitishi. Kuanzia Julai hadi Machi ipo miezi saba mizuri, ukiacha Oktoba na Novemba. Akiba ya Sh11,000 katika kila mmoja wa miezi hiyo huzaa Sh77,000, yaani pengo limezibwa na Sh2,000 zimebaki.

Jambo muhimu ni fedha hizo kukaa mbali na mfuko wa kila siku, ziwe katika Sacco, benki au chama, kwa makubaliano kwamba hazitaguswa kabla ya Aprili. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini iliyo kwenye simu huyeyuka.

Hatari ya bei ya kutupa

Asiye na akiba huangukia mikononi mwa madalali. Hawa wanafahamu vyema karo inadaiwa lini, na hufika karakanani wakiwa na fedha taslimu.

Chukulia kinyago kilichogharimu Sh400 za mti, Sh1,000 za ujira wa siku mbili na Sh150 za msasa, rangi na usafiri. Gharama yake ni Sh1,550. Dalali akikinunua kwa Sh1,000 mwezi wa Mei, fundi amepoteza Sh550. Si hayo tu. Julai inapowadia, kinyago hicho ambacho kingeuzwa Sh2,500 hakipo tena, na huenda kikawa kwenye meza ya mpinzani wake.

Hii haina maana kwamba kila punguzo ni kosa. Kazi iliyokaa rafuni miaka miwili bila kuulizwa, au iliyopasuka kidogo, ni afadhali iuzwe kusi ili nafasi na fedha zipatikane. Kosa ni kuitoa kwa hasara kazi nzuri ambayo ina soko baada ya wiki nane. Fundi aitenge mapema mizigo ya aina hizo mbili, kila moja na bei yake ya mwisho, kabla ya shida kumpangia.

Kazi za msimu

Miezi ya kusi ina faida moja kwa mchongaji: hewa yenye unyevu huufanya mti ukauke polepole, jambo linalopunguza nyufa. Magogo yanahitaji kuinuliwa kutoka ardhini, yakingwe na mvua, yaachiwe nafasi ya upepo kupita, na ncha zake zipakwe rangi au nta.

Kinyago kilichochongwa kwa mti mbichi huonekana kizima kikiwa Mombasa. Kikifika katika nyumba ya Ulaya inayopashwa joto wakati wa baridi, hupasuka. Mnunuzi aliyepasukiwa mara moja haagizi tena. Wakati wa msimu wa shughuli nyingi fundi hana subira ya kungoja mti ukauke. Wakati wa kusi anayo.

Aina ya mti nayo inafaa kufikiriwa. Muhugu na mpingo vimekuwa adimu, na tangu miaka ya 1990 wahifadhi wa mazingira wamekuwa wakiwahimiza wachongaji watumie mwarobaini, mwembe na mjakaranda, inayokua haraka mashambani. Isitoshe, tangu Januari 2, 2017 miti yote ya jenasi ya mpingo imo katika orodha ya mkataba wa CITES unaodhibiti biashara ya kimataifa ya viumbe vilivyo hatarini. Anayenuia kuuza mpingo ng'ambo hana budi kuuliza kuhusu vibali kabla ya kuchonga, si baada ya kupakia.

Huu pia ndio wakati wa kunoa vifaa, kupiga picha nzuri za bidhaa, kubuni mitindo mipya michache na kuwaandikia wanunuzi wa zamani. Barua hizo zisichelewe. Agosti ni mwezi wa likizo Italia na Ufaransa, na biashara nyingi ndogo huko hufungwa. Oda ya Krismasi isiyothibitishwa kufikia Julai huenda isijibiwe hadi Septemba, wakati meli imeshachelewa.

Safari za meli zenyewe zina mambo yake. Mashambulizi yaliyoanza katika Bahari ya Shamu mwishoni mwa 2023 yaliyafanya mashirika mengi ya meli kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, na safari za kwenda Ulaya zikarefuka. Funzo ni kwamba tarehe ya kupakia ipangwe ikiwa na wiki kadhaa za ziada.

Mikopo na kodi

Wapo watakaosema mkopo ni njia nyepesi kuliko akiba. Hilo hutegemea muda wa mkopo. Mkopo wa mtu binafsi wa Hazina ya Hasla, iliyozinduliwa Novemba 30, 2022, ulianzishwa kwa riba ya asilimia nane kwa mwaka, lakini ulitakiwa kulipwa baada ya siku 14. Mkopo wa namna hiyo humfaa anayenunua bidhaa leo na kuziuza wiki ijayo. Haumfai anayengoja wageni wa Julai.

Mkopo unaokopwa Aprili kwa ajili ya chakula hulipwa kwa mkopo mwingine wa Mei. Ule wa kununulia mti wa oda iliyokwisha kuthibitishwa na kulipiwa arubuni ni jambo tofauti, kwa kuwa fedha za kuulipa zinajulikana zitakakotoka.

Kodi nayo isisahauliwe. Ritani ya mwaka ya kodi ya mapato huwasilishwa kufikia Juni 30, mwishoni kabisa mwa kipindi hiki. Anayefanya hesabu zake Mei, akiwa na nafasi, hukwepa msongamano na faini ya kuchelewa. Kwa walio chini ya kodi ya mauzo, mwezi usio na mauzo hauna cha kulipiwa, lakini ritani yake bado hutakiwa.

Watu ndio karakana

Lililo gumu zaidi ni suala la wafanyakazi. Mwanagenzi aliyefunzwa miaka miwili akienda kutafuta kibarua cha mjengo mwezi wa Mei, huenda asirudi, na mwenye karakana ataanza kufunza upya wakati wateja wamejaa mlangoni.

Baadhi ya njia ni kupunguza siku za kazi badala ya kuwafuta watu, kuwaruhusu wanaotaka kwenda kupanda mashambani waende kwa zamu, na kuwaambia mapema tarehe ya kurejea. Mtu anayejua kwamba kazi ipo Juni 15 huvumilia. Anayeambiwa “tutaona” hutafuta kwingine.

Mwenye karakana naye ni binadamu. Wiki moja au mbili za mapumziko zilizopangwa na kulipiwa kutoka katika akiba si uvivu. Mkono uliochoka hukata pasipostahili, na jicho lililochoka halioni mtindo mpya.

Kusi itavuma tena mwaka ujao, na karo ya muhula wa pili itadaiwa. Daftari la kuikabili hufunguliwa Julai, wakati mkono una fedha na mlango una wageni.